Barua kutoka Chicago: Bandits Wamerudi Rosemont

Ndugu zangu mlioko nyumbani,

  Huku theluji bado imelala barabarani na jua linazama kabla watu hawajatoka kazini, kwa hiyo mazungumzo ya wengi ni ya kiangazi, kilichopita na kinachokuja. Nami nimeona niwaandikie habari za kiangazi cha 2025, maana kilituletea jambo ambalo sijawahi kuwaeleza katika barua hizi: ligi ya wanawake ya softiboli, wachezaji wakilipwa, na watu wakipanga foleni kwenda kuwatazama.

Aliyetuingiza katika mchezo huu ni binti yangu, anayeucheza shuleni. Waliosoma shule za Kenya watakumbuka raundas, yenye mrushaji, mpigaji mwenye gongo, na vituo vya kukimbilia. Softiboli ni jamaa yake wa karibu. Timu moja inapiga, nyingine inalinda uwanja. Anayepiga akivikimbia vituo vitatu na kurudi salama alipoanzia, timu yake inapata pointi. Mechi ina vipindi saba. Mpira una mzingo wa sentimita 30 hivi, mkubwa kuliko wa besiboli, na hurushwa kwa chini: mkono unazunguka duara zima kutoka begani, kisha mpira unaachiwa karibu na paja. Kutoka kwa mrushaji mpaka kwa mpigaji ni mita 13 tu, na warushaji wa ligi hii hufikisha mwendo wa kilomita 100 kwa saa na zaidi. Pigeni hesabu. Mpigaji ana chini ya nusu sekunde kuuona mpira, kuamua, na kuzungusha gongo. Tena mpira wenyewe hauji ukiwa umenyooka. Kuna unaoonekana kupanda, kuna unaodondoka ghafla mbele ya gongo, na kuna unaokata kona ukamwacha mpigaji akipiga hewa.

Mchezo huu ulizaliwa hapa hapa Chicago. Novemba 1887, siku ya sikukuu ya Shukrani, vijana walikusanyika katika klabu ya makasia ya Farragut wakisubiri matokeo ya mechi ya vyuo vya Harvard na Yale. Baada ya matokeo kufika, wakafungasha glavu ya ndondi ikawa mpira, wakashika mpini wa ufagio ukawa gongo, na George Hancock, mwandishi wa habari aliyekuwa pamoja nao, akauwekea mchezo kanuni. Wakati huo ulikuwa mchezo wa wanaume wa kupitishia baridi ndani ya ukumbi. Miaka ilivyopita ukatoka nje, na wanawake wakaufanya wao.

Wakaufanya wao kweli kweli. Mwaka 1961, mjini Waterbury, jimbo la Connecticut, binti mmoja aitwaye Joan Joyce alimrushia mipira Ted Williams, mmoja wa wapigaji wakubwa kabisa katika historia ya besiboli. Williams alishindwa kuipiga vizuri. Mwaka 1976 Joyce alishirikiana na bingwa wa tenisi Billie Jean King na wenzao kuanzisha ligi ya kulipwa ya softiboli ya wanawake. Timu ya Joyce, Connecticut Falcons, ilitwaa ubingwa misimu yote minne iliyochezwa. Misimu minne tu, maana baada ya 1979 ligi ile ilikufa.

Haikuwa ya mwisho kufa. Mwaka 1997 ilianzishwa nyingine, ikasimama 2001. Ikaja ya tatu, National Pro Fastpitch, iliyoanza 2004 na kufungwa rasmi 2021. Katika hiyo ya tatu ndimo ilimokuwamo timu ya kwetu, Chicago Bandits, iliyochezewa na Jennie Finch, mrushaji ambaye sura yake Marekani nzima iliijua. Mwaka 2011 walifungua uwanja wao Rosemont, kitongoji kilichopakana na uwanja wa ndege wa O'Hare. Ni uwanja mdogo wa watazamaji 2,000 hivi, na ndege zinapita juu yake zikishuka. Bandits walichukua ubingwa mara nne. Kisha nao wakatoweka. Mtu aliyempeleka binti yake pale akiwa na miaka saba, alipofika kumi na mbili hakuwa na mechi ya kumpeleka.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini, na ninyi huenda mnajiuliza pia. Jibu rahisi ni kwamba watu hawautaki mchezo wa wanawake. Lakini jibu hilo haliendani na ninayoyaona huku. Tangu sheria ya mwaka 1972 ipige marufuku ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopata fedha za serikali kuu, vyuo vimejenga timu za wanawake zenye makocha, viwanja na ufadhili wa masomo. Kila mwaka timu nane bora za softiboli hukutana Oklahoma City, kwenye uwanja wa Devon Park unaobeba watu 13,000 hivi, na uwanja hujaa. Chuo cha Oklahoma kilichukua ubingwa mara nne mfululizo, 2021 mpaka 2024. Mwaka 2025 Texas wakaupata kwa mara ya kwanza. Mechi hizo huonyeshwa kwenye televisheni nchi nzima. Hata mashindano ya softiboli ya Olimpiki ya 2028, ambayo wenyeji wake ni Los Angeles, yatachezwa Oklahoma City, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka mji mwenyeji, kwa sababu uwanja unaofaa uko huko.

Watazamaji wapo, tena wengi. Shida ilikuwa siku ya kuhitimu. Binti ana miaka 22, juzi ameshangiliwa na maelfu, na leo hana pa kucheza. Waliobahatika walikwenda Japani, ambako makampuni makubwa huendesha timu za softiboli na kuwalipa wachezaji vizuri. Monica Abbott, mrushaji hodari wa Marekani, aliichezea timu ya Toyota kwa miaka mingi. Wengine waliingia kwenye ukocha wakiwa bado vijana, au wakaweka glavu kabatini na kutafuta ajira. Mwanasoka wa miaka 22 tunamhesabu kuwa ndiyo kwanza anaanza. Hawa walistaafishwa katika umri huo huo, kabla miili na akili zao hazijafika kileleni.

Ndiyo maana Juni 7, 2025 ilikuwa siku kubwa. Ligi mpya, Athletes Unlimited Softball League, ilifungua msimu wake wa kwanza katika miji miwili kwa pamoja, Wichita na hapa kwetu Rosemont. Timu zilikuwa nne: Bandits, Blaze, Talons na Volts. Waliochagua jina la Bandits walijua wanachokifanya. Langoni niliona akina mama wamevaa jezi za zamani zilizopauka, wamewashika mikono mabinti waliovaa jezi mpya. Na nyuma ya kibanda cha wachezaji walikuwapo wasichana wadogo, kila mmoja na mpira wake mkononi, wakisubiri kusainiwa. Wachezaji walisaini bila haraka. Ninaamini walikumbuka kwamba ligi walizoziota walipokuwa na umri ule hazikudumu.

Kilichonipa moyo zaidi ni nani waliowekwa kuongoza. Kamishna wa ligi ni Kim Ng, aliyecheza softiboli Chuo Kikuu cha Chicago, akapanda ngazi za besiboli ya wanaume mpaka Miami Marlins walipompa umeneja mkuu Novemba 2020, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo katika ligi kuu ya besiboli. Meneja mkuu wa Talons alikuwa Lisa Fernandez, mwenye medali tatu za dhahabu za Olimpiki: 1996, 2000 na 2004. Wa Volts alikuwa Cat Osterman, mrushaji aliyepata dhahabu Athens na fedha Beijing na Tokyo. Wanawake hawa waliishi maisha ya kucheza kwa ubora wa juu bila ligi imara nyuma yao. Sasa ndio waliokaa mezani kuchagua wachezaji, kupanga vikosi, na kuamua nini kilipiwe.

Siku chache kabla ya msimu kuanza, Mei 2025, ligi kuu ya besiboli ilitangaza kuwekeza katika ligi hii, na mechi nyingi zikaonyeshwa ESPN. Ligi zilizotangulia zilikuwa na wachezaji wa ajabu kama hawa wa sasa, lakini hazikuwa na mtu mwenye fedha aliyekubali kukaa nazo katika miaka ya mwanzo, ambayo ni miaka ya hasara kwa ligi yoyote, ya wanaume au ya wanawake. Wanaume walisubiriwa. Vilabu vyao vilifilisika, vikahama, vikauzwa, na bado akatokea mwenye kuviokoa akiamini kesho italipa. Wanawake walipewa misimu michache, kisha wakaambiwa soko halipo.

Msimu wenyewe ulikuwa mfupi na wa kasi. Kila timu ilicheza mechi 24 kwa muda wa wiki saba hivi, na timu zote zilikuwa za kusafiri: wikiendi hii Rosemont, nyingine Salt Lake City, nyingine Seattle. Ligi ilihama kama mnada wa vijijini, leo uko hapa na bidhaa zake zote, kesho umefunga mizigo. Kwa msimu wa kwanza ilikuwa njia ya busara, maana ilipeleka mchezo kwa watu wengi na kuonyesha ni miji ipi ina hamu nao. Lakini sisi tulioupenda tulibaki tunafuatilia kwenye skrini. Timu mbili za juu, Talons na Bandits, zilikutana Tuscaloosa, Alabama, mwishoni mwa Julai, kwenye uwanja wa chuo kikuu, kugombea ubingwa wa mechi tatu. Tulikaa sebuleni tukaomba sana. Talons walihitaji mechi mbili tu. Binti yangu alinuna, akakaa kimya, kisha akaniuliza mwakani wanaanza lini.

Swali hilo ndilo lililonigusa kuliko kikombe. Hakuniuliza kama watakuwapo. Alikwisha kuamini kwamba watakuwapo, kama mtoto wa kiume anavyoamini kwamba soka itarudi Agosti. Na jibu ninalo. Mwaka 2026 timu zinapata miji yao: Bandits ni wa Chicago, wenye makao yale yale ya Rosemont, Talons wanakwenda Utah, Volts Texas, Blaze Carolina, na zimeongezwa mbili, Oklahoma City Spark na Portland Cascade. Timu ikiwa na mji, mwenye duka jirani anabandika ratiba ukutani, shule inapanga safari ya wanafunzi, na mchezaji anapanga nyumba kwenye mtaa ambao watu wanamjua kwa jina. Hapo ndipo mapenzi yanapozoeleka mpaka yakawa desturi.

Ndugu zangu, Julai hiyo hiyo nilikuwa na jicho lingine Morocco. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya soka ya wanawake, walikuwa kwenye fainali za Mataifa ya Afrika, na siku walipowabana mabingwa watetezi, Afrika Kusini, kwa sare ya 1-1, nilipiga kelele mpaka jirani akagonga mlango. Mwaka 2022 Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Clara Luvanga ametoka kwetu akaenda kufunga mabao Saudi Arabia. Vipaji tunavyo. Pale Azania Sekondari, Dar es Salaam, kuna hata uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani, na huenda kuna binti huko mwenye mkono wa kurusha ambao sisi hatujauona.

Kwa hiyo nina ombi. Ligi ya wanawake ikicheza karibu nanyi, nendeni. Lipeni kiingilio hata kama mlinzi wa geti angewaacha mpite bure. Chukueni watoto, wa kiume na wa kike. Jueni majina ya wachezaji, mbishane juu yao vijiweni kama mnavyobishana juu ya Simba na Yanga. Na wenye biashara, hata ndogo, ingieni kwa miaka mingi na msikimbie hasara ya mwaka wa kwanza. Nimeona huku jinsi ligi tatu zenye wachezaji bora duniani zilivyozikwa na watu waliochoka mapema, na nimeona gharama yake: kizazi kizima cha wanawake kilichoacha kucheza kikiwa na nguvu zote.

Msimu mpya unafunguliwa Juni. Tiketi zetu nimekwisha kuzinunua. Nitawaandikia matokeo, na nanyi niandikieni ya huko, hasa ya ligi ya wanawake, nani anaongoza na nani amefunga. Wasalimieni wote wanaoniulizia.

Ndugu yenu,
Chicago