Yungiyungi la Bonde la Ruvu

Mwaka 1877 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Robert Caspary, alilipa yungiyungi la buluu la kwetu jina la kisayansi, Nymphaea zanzibariensis. Siku hizi wataalamu wanalihesabu kuwa aina mojawapo ya Nymphaea nouchali, mmea ulioenea kutoka Afrika hadi Asia na Australia. Tangu karne hiyo ya 19, wapenda bustani wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakilitunza kwenye mabwawa yao na kulizalisha na mayungiyungi mengine. Mimi mkazi wa Dar es Salaam, mwenye tangi la samaki sebuleni, nilikuwa nalijua kwa picha tu. Madukani nilizoea kuona mimea ya plastiki na vichipukizi vilivyoagizwa kutoka nje. Nikaona si haki kumjua mgeni nisimjue mwenyeji.

Nilikwenda kulitafuta mwezi wa sita, masika yakiwa yamekwisha na maji hayajakauka mabondeni. Basi la Bagamoyo lilitoka Makumbusho likapita Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege, nyumba zikiongozana karibu njia nzima. Pale Zinga abiria waliteremka wakielekea Mlingotini, kijiji ambacho akina mama wake wanalima mwani baharini. Kwa hiyo kulima majini si jambo geni pwani hii, ila huko ni maji ya chumvi, nami nilikuwa natafuta maji baridi.

Mjini Bagamoyo sikukaa. Ngome Kongwe na misheni iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868 nilivipa siku nyingine. Kijana wa bodaboda alinisikiliza, akacheka, akasema, "Maua ya majini? Twende mtoni, bosi, yapo mpaka utachoka." Tukashika barabara ya Msata kuelekea bonde la Ruvu.

Mto Ruvu hutoka milima ya Uluguru, na unapokaribia bahari hapa hutandaza maji yake uwandani kila masika. Mto ukirudi nyuma huacha madimbwi kando ya mashamba ya mpunga. Kwenye dimbwi moja la namna hiyo ndipo nilipoyaona: majani ya duara yamelala juu ya maji, kingo zake zina meno, na maua yamesimama juu ya vikonyo, kila moja limeinuka peke yake, buluu inayoelekea zambarau, katikati manjano. Ilikuwa kama saa nne asubuhi na yalikuwa yamefunguka yote. Ua hili hufunguka asubuhi na kujifunga alasiri, kwa siku chache tu. Siku ya kwanza lipo tayari kupokea chavua, siku zinazofuata linatoa yake. Kazi yake ikiisha, kikonyo hupinda na tunda huzama likaivie chini ya maji.

Nilikuwa nakaribia ukingo bibi mmoja aliyekuwa akipalilia mpunga aliponiita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hapo usiingie. Kiboko hapigi hodi."

Akanionyesha nyayo kwenye tope. Kisha, alipojua ninachotaka, akamtuma mjukuu wake aliyejua sehemu salama, huku akinieleza kwamba zamani wakati wa njaa wazee walichimba viazi vya mmea huu wakavila, na kwamba watoto hadi leo huvunjavunja vikonyo vyake na kuvifanya mikufu. Niliomba tunda bivu, sikuomba kiazi. Kiazi ndicho kinachoubakiza mmea hai kiangazi, dimbwi linapokauka na udongo kupasuka. Ukikichukua umechukua na maua ya mwakani. Tope hilohilo huhifadhi mayai ya samaki wadogo wa rangi wa jenasi Nothobranchius. Samaki hao huishi miezi michache tu na kufa maji yakiisha, na mvua zikirudi mayai yao huanguliwa. Wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya wanawathamini sana, na sisi tunawapita barabarani kwa basi.

Tunda lina mamia ya mbegu ndogo, kila moja imevishwa utando laini unaoielesha kwa muda kabla haijazama. Nilizisafirisha ndani ya chupa ya maji. Nyumbani nilizimwaga juu ya udongo wa mfinyanzi kwenye bakuli, maji yakiwa na kina cha vidole vichache, mahali penye jua. Majani ya mwanzo ni membamba na hubaki chini ya maji. Yakishakuwa kadhaa ndipo mche unahamishiwa kwenye chungu kipana, mizizi ikifunikwa na udongo lakini kitovu cha mmea kikiachwa wazi, maana ukikizika kinaoza. Usiweke samadi mbichi, itaharibu maji. Maji ya bomba yakae ndooni usiku kucha klorini ipungue.

Nasema wazi kwamba tangi la sebuleni si mahali pake pa kudumu. Hili ni la karai kubwa au bwawa la uani, penye jua kwa muda wa saa tano au sita kwa siku, pamoja na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Ndani ya tangi la kioo mwafaka zaidi ni jamaa yake mweupe, Nymphaea lotus, ambaye pia ni wa Afrika na hufungua maua usiku. Huyo ukimkata kila jani linaloelekea juu, anaendelea kutoa majani ya chini ya maji.

Siku ile, kabla sijaondoka bondeni, nilimuuliza bibi kama gugumaji limefika kwenye mashamba yao. Swali hilo linanihusu mimi mwenye tangi kuliko yeye mwenye mpunga. Gugumaji ni mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake, na Ziwa Viktoria limetaabika nalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, mialo ikizibwa na mitumbwi ikikwama. Bibi alisema halijui, na nilifurahi kusikia hivyo.

Maji ya bomba ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Basi wewe unayefuga samaki, ukisafisha tangi usimwage mabaki ya mimea ya kigeni mtaroni wala mtoni. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa, kisha yazike. Na ukitaka mmea wa bwawa la uani, anza na yungiyungi la hapa, kwa mbegu, ukiwa umewaomba wenye shamba, na kiazi ukiache mahali pake.