Majuto Yupi?

Sisi tunaoandika makala haya ni mume na mke. Kalamu imeshikwa na mmoja, mhandisi wa maji mwenye miaka hamsini na mitano, lakini kosa lilikuwa la wawili. Ndiyo maana mtatusikia tukisema "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuanze na la kuchekesha. Machi 2022, mfanyakazi mwenzetu mzaliwa wa India alituwekea simu yake mezani wakati wa chai na kuuliza kwa bashasha, "Huyu ndugu yenu ni wa mkoa gani?" Kwenye kioo alikuwapo kijana aliyevaa shuka za Kimasai, akifuatisha kwa midomo wimbo wa filamu ya Kihindi, neno kwa neno, bila kuteleza. Tukakiri kwamba hatumjui. Yule bwana alidhani tunamtania. Akatueleza kuwa kijana anaitwa Kili Paul, dada yake ni Neema, wote Watanzania, na kwamba mwezi uliotangulia Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alikuwa amewataja katika hotuba yake ya redio. Binti zake wote wawili walikuwa wakimfuatilia. Basi tukawa tunatambulishwa kwa Mtanzania mwenzetu na mtu wa Gujarat, tukiwa Uingereza!

Jioni hiyo nyumbani tulicheka mpaka machozi. Lakini tukiwa wakweli, ndani ya kicheko kile mlikuwamo na majivuno. Ilikuwa desturi yetu. Tukiulizwa juu ya msanii fulani wa Bongo Fleva, au nani kagombana na nani kwenye Instagram, tulijibu, "Ah, sisi mambo hayo hatuyajui," kwa sauti ileile ya mtu anayesema kwamba yeye hanywi pombe. Kutojua tulikufanya cheti cha heshima.

Tuliondoka Tanga mwaka 1991, mmoja akitangulia kuja kusoma shahada ya uhandisi, mwingine akifuata baada ya ndoa. Tanzania Bara tuliyoiacha haikuwa na televisheni. Ya kwanza ilianza mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973. Redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na nchi nzima ilicheka pamoja ilipowasikiliza Pwagu na Pwaguzi. Tulikuja na kaseti za Mlimani Park, za Vijana Jazz, na taarabu za kwetu za Black Star na Lucky Star. Kaseti zile zilikatika utepe, tukaziunga kwa gundi, tukaendelea. Tulidhani tunatunza utamaduni. Kumbe tulikuwa tunatunza mwaka 1991.

Katika kazi yetu, kabla ya kuchimba barabara ni lazima uombe ramani za vilivyofukiwa chini: mabomba ya maji, ya gesi, nyaya za umeme. Mhandisi mzoefu atakwambia kwamba ramani iliyopitwa na wakati ni hatari kuliko kukosa ramani kabisa. Asiye na ramani huchimba kwa jembe, polepole, huku akiuliza wenyeji. Mwenye ramani ya zamani huja na mashine kubwa, anajiamini, mpaka maji yaruke juu. Sisi kwa nchi yetu wenyewe tulikuwa watu wa mashine kubwa.

Dalili zilikuwapo. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2010 tulikuwa kwenye harusi ya Watanzania hapa, vijana wakawa wanapongezana kwamba Sugu ameshinda ubunge Mbeya Mjini. Tukauliza huyo Sugu ni mwanasheria au mwalimu. Wakatutazama kwa huruma. Joseph Mbilinyi alikuwa akitamba kwa rap ya Kiswahili tangu miaka ya tisini, vijana wale wamekua naye, na kwao ushindi ule ulikuwa na maana kubwa ambayo sisi hatukuiona. Tukabadilisha mazungumzo.

Hayo yote yalikuwa mzaha. Lililotuuma ni la shangazi.

Shangazi alikuwa wa mmoja wetu kwa damu, lakini tangu harusi alikuwa wetu sote. Aliishi Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya marehemu babu. Mwaka 2015 mwanawe alimnunulia simu ya kisasa. Shangazi alijifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya sabini, na kufikia wakati huo macho yalikuwa yamechoka. Kuandika kulimpa tabu. Kwa hiyo alipogundua kwamba kwa kubonyeza mara mbili tu anaweza kumtumia mtu video, alipata kalamu yake. Alituma asubuhi, alituma usiku. Vichekesho, mawaidha, taarabu, watoto wa shule wanaocheza singeli, paka aliyeiba samaki.

Sisi tuliona usumbufu. Simu zilikuwa zinajaa, na tulikuwa na kazi. Tukaenda kwenye mipangilio tukaiamuru simu isishushe video yenyewe mpaka tuiguse. Kila alipotuma tulimrudishia alama ya kidole gumba, ama vile viganja viwili vilivyounganishwa. Tuliona tumetimiza wajibu. Video zenyewe zilibaki pale, kila moja picha yenye ukungu na kimshale katikati, kama barua iliyopokelewa ikawekwa mezani bila kufunguliwa bahasha.

Tarehe 8 Agosti 2018, usiku, shangazi alipiga. Haikuwa kawaida yake kupiga saa zile. Tulipomwamkia hakuitikia marahaba. Alikuwa analia.

"Wanangu, Majuto wetu ametutoka."

Tukatazamana. Tukapitisha akilini ukoo mzima, wa mjini na wa Pangani. Hatukumpata. Ikabidi tuulize.

"Majuto yupi, shangazi?"

Akanyamaza. Tukadhani mtandao umekatika. Kisha akasema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo baya zaidi, "Kumbe hamumjui. Basi, wanangu. Nilitaka kuwapa habari tu. Lala salama."

Asubuhi tulitafuta. Mzee Amri Athumani, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la King Majuto, mwigizaji wa vichekesho, mtu wa Tanga, alikuwa amefariki Dar es Salaam akiwa na umri wa miaka sabini. Alizikwa kwao Tanga, umati ukafurika. Shangazi alikwenda kutoa pole pamoja na wanawake wa mtaa. Mzee yule alikuwa amemchekesha kwa miaka mingi, na tangu ajaliwe simu, vichekesho vyake ndivyo alivyotutumia kuliko vingine vyote. Alikuwa hatutumii mzaha wa mtu baki. Alikuwa anatutumia mtu wa nyumbani, akiamini kwamba tunacheka naye pamoja kila jioni, yeye Ngamiani na sisi Ulaya. Usiku ule aligundua kuwa kwa miaka mitatu alikuwa akicheka peke yake.

Tungeweza kumpigia tukaomba radhi. Hatukufanya hivyo. Tuliona ni jambo dogo, halafu tukaona aibu, halafu siku zikapita. Alichofanya shangazi ni kupunguza. Hakuacha kutuma, lakini badala ya kila siku ikawa mara moja moja. Nasi, Mungu atusamehe, tulishukuru kwamba simu imepumua.

Shangazi alifariki Mei 2023. Alizikwa siku ileile. Sisi tulifika siku ya tatu, siku ya hitima. Ukumbini wanawake walikuwa wanamzungumzia, na kila mmoja alikuwa na simu mkononi. "Mimi alinitumia hii, nikacheka mpaka nikaunguza wali." "Mimi alinitumia hii mume wangu alipolazwa, akaniambia, tazama upumzishe roho." Walipitishiana simu huku wakilia na kucheka. Zamu ikatufikia. "Nanyi alikuwa akiwatumia zipi?" Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Tulikuwapo kwa miili, lakini letu halikuwapo. Tukasema simu imeisha chaji.

Usiku, watu walipolala, tukaketi sebuleni kwa shangazi tukafungua simu. Tukapandisha mazungumzo yake mpaka juu kabisa, mwaka 2015. Tulihesabu zaidi ya video mia na sitini ambazo hatukuzifungua. Tukagusa ya kwanza. Kiduara kikazunguka, kikasimama. Simu ikatuambia kwamba video hiyo haipatikani tena. Tumuombe aliyetuma atume tena.

Tukagusa ya pili. Jibu lilelile. Ya kumi. Ya hamsini. Muombe aliyetuma atume tena.

Kiufundi jambo lenyewe ni rahisi. Kampuni haihifadhi video yako milele. Huishika kwa muda, ikikusubiri uishushe, na usipoishusha huifuta. Baada ya hapo nakala inabaki kwa mtumaji tu. Sisi wahandisi tungepaswa kulijua hilo kuliko wote.

Mjukuu wa shangazi, binti wa miaka kumi na saba, alitukuta pale saa nane za usiku. Hakuuliza mengi. Aliingia chumbani akatoka na simu ya bibi yake, iliyopasuka kioo. Alisema bibi alikuwa anafuta video kila simu ilipojaa, kwa hiyo nyingi hazipo, lakini atatafuta zilizobaki. Akaketi mkekani, akaanza kubonyeza. Na simu yetu ikaanza kuwaka, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na kila ilipowaka jina lilikuwa lilelile: Shangazi Tanga.

Zilipatikana thelathini na moja. Tulizitazama zote, yule binti akiwa mwalimu wetu. Alituambia nani ni nani, singeli ilitokea mitaa ipi ya Dar es Salaam, kwa nini maneno yanakimbia vile, kwa nini watu wazima waliidharau kwanza kisha wakaicheza harusini. Alitueleza vichekesho viwili ambavyo hatukuvielewa, maana Kiswahili chake cha leo kilikuwa kimetupita. King Majuto tulimwelewa bila mkalimani. Tulicheka usiku ule katika nyumba ya msiba, tukiziba midomo kwa khanga.

Ya ishirini na tisa haikuwa kichekesho. Shangazi alikuwa ameipiga mwenyewe uani, mkono ukitetemeka. Ilionyesha tangi la maji la saruji, ufa umepita ubavuni, na tope chini. Sauti yake ikasema, "Mhandisi wangu, hebu tazama hapa. Fundi anasema tulivunje, tujenge jingine. Mimi nasema nikuulize wewe kwanza." Tarehe yake ilikuwa Januari 2020. Chini yake, kwenye simu yetu, palikuwa na jibu letu: kidole gumba.

Binti akasema bibi alielewa kwamba tumekubali. Tangi lilivunjwa. Ufa ule, kwa jinsi tulivyouona, ungezibwa kwa siku moja.

Ndugu wasomaji, hatuandiki haya ili kuwaambia kwamba kila kinachozagaa mitandaoni kina thamani. Mengi ni takataka, na mengine ni uongo unaodhuru watu. Wala hatuwezi kujua kila msanii na kila msemo; nchi yenye vijana wengi namna ile huzaa maneno mapya kila wiki. Pengo la kujua si dhambi. Kosa letu lilikuwa kulipamba pengo, kulifanya heshima, mpaka waliotupenda wakaona haya kutuletea vitu vyao.

Wahenga walituambia pia kwamba majuto ni mjukuu. Tulilijua tangu shule ya msingi, tukaliandikia na insha.

Siku hizi binti yule wa Tanga hututumia nyimbo na video, mbili tatu kwa wiki. Tunazifungua siku ileile. Mara nyingi hatuelewi, na tumejifunza kuandika maneno mawili ambayo kwa miaka thelathini tuliyaonea aibu: "Huyu nani?" Hujibu kwa ujumbe wa sauti, mrefu, wakati mwingine vitatu mfululizo, na ndani ya maelezo yake tunapata habari ambazo hatukuuliza: mvua imenyesha, jirani kajifungua, mtihani ulikuwa mgumu. Wiki iliyopita alituma picha ya tangi jipya. Linavuja pale bomba linapoingilia. Tulimpigia papo hapo.