Injini Isiyo na Njaa
Sensa ya oksijeni ya Denso, ile niikutayo kwenye Toyota nyingi za mtumba kutoka Japani, ina nyaya nne: mbili nyeusi za hita, mmoja wa bluu unaopeleka ishara, na mweupe wa hasi. Ikipata moto hutoa karibu volti 0.9 petroli ikizidi, na karibu 0.1 ikipungua. Kompyuta ya injini haioni moshi. Inaona volti hizo tu, kisha inaamua.

Gari la mzee huyu lilitoa moshi mweusi na kunywa petroli kama lori. Mara tatu kwa wiki humpeleka mkewe kusafishwa damu, na wiki ile walikuwa wameruka siku moja kwa kukosa mafuta. Karakana nyingine ilimwambia kontroli boksi imekufa, ikamwandikia bei.

Mashine ya kupimia ilisoma P0171, yaani petroli ni kidogo. Moshi ulisema imezidi. Mimi huamini moshi.

Ishara ilikuwa 0.0, haisogei. Kwa kompyuta hiyo ni njaa, basi ikawa inaongeza petroli, na kuongeza tena. Nilichomoa plagi ya sensa. Hita ilisoma omu 13, nzima. Injini ikiwa moto, waya wa bluu ulinipa 0.8. Sensa nayo nzima! Nikazima injini, nikachomoa plagi ya kontroli boksi, nikapima waya wa katikati dhidi ya bodi. Mita ikalia: waya umegusa chuma.

"Mzee, giaboksi iliwahi kushushwa?"

"Mwaka jana, mwanangu."

Juu ya giaboksi nyaya zilikuwa zinaning'inia bila kishikizo, na mmoja umechubuka hadi shaba. Afadhali ulichubukia pale. Sensa nyingi huvuta hewa ya nje kupitia ndani ya nyaya zake zenyewe, na anayezichomea kwa risasi huiziba njia hiyo. Nikauunga, nikaufunika, nikaufunga mbali na chuma.

Mita ikaanza kucheza: 0.2, 0.8, 0.3, 0.7. Mzee aliinama kuitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo boksi sinunui?"

"Hununui, baba. Nunua petroli."

Akaniuliza lita kumi zitafika hadi Ijumaa. Kwa foleni za Temeke, nikamwambia, aweke kumi na tano.