Kitale: Mahindi, Nzohe na Macho ya Watoto

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unakwenda kupumzika Kenya, atajua ni Mombasa tu. Sisi tulikwenda Kitale. Wifi yangu ameolewa huko, ni mwalimu wa shule ya msingi, na miaka yote analalamika kwamba kaka yake anaishia Nairobi kila safari. Safari hii tukafunga mizigo.

Toka Nairobi ni mwendo wa siku nzima: Nakuru, Eldoret, Moi's Bridge, halafu mahindi. Mahindi kushoto, mahindi kulia, mpaka unachoka kuyatazama. Mji uko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, kwa hiyo wapenzi mnaokwenda, bebeni masweta. Baridi ya jioni si ya kitoto. Wasio na wa kuwakumbatia, poleni!

Siku ya pili wifi akatupeleka Saiwa Swamp, hifadhi ndogo ya taifa ambayo unaitembelea kwa miguu. Unapita kwenye njia za mbao, unapanda kibanda kilichojengwa juu ya mti, unakaa kimya kumsubiri nzohe, swala anayeishi kwenye kinamasi. Ni sehemu tamu kwa wawili wanaojua kunyamaza pamoja. Nikashika darubini. Ukungu mtupu.

"Zungusha hapo katikati, wifi," akaniambia. "Hivyo unavyoona sasa, ndivyo wanafunzi wangu wengine wanavyouona ubao."

Nzohe alitokea, mzuri kweli, lakini maneno ya wifi ndiyo yaliyonikaa kichwani. Jioni, kwenye chai, nikamchokoza aendelee.

Kumbe kaunti hii ya Trans Nzoia ina historia yake. Andrew Bastawrous, daktari wa macho kutoka Uingereza, alihamia Nakuru na familia yake kufanya utafiti. Kuzungusha mashine nzito vijijini kulikuwa kazi ngumu, na huko ndiko lilikokomaa wazo la Peek, programu ya kupima macho kwa simu ya mkononi. Hapa Kitale, daktari bingwa wa macho Hillary Rono aliongoza jaribio lake katika shule 50.

Mpimaji alikuwa mwalimu, wala si daktari. Simu inaonyesha herufi E imegeukia upande mmoja, mtoto anaonyesha kwa mkono imeelekea wapi, mwalimu anatelezesha kidole upande huohuo bila kuangalia kioo. Aliyeshindwa anapewa karatasi ya rufaa yenye picha ya jinsi anavyoiona dunia, na mzazi anakumbushwa kwa SMS. Katika shule 25 ilitumika simu. Katika 25 nyingine, kadi ya kawaida na barua.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2018, baada ya kupimwa watoto zaidi ya 20,000. Kwenye shule za kadi, watoto 22 tu katika kila 100 waliokutwa na tatizo ndio waliofika hospitali. Kwenye shule za simu, 54. Hospitali ni ileile, barabara ni ileile. Tofauti ni kwamba baba au mama aliona kwa macho yake mwenyewe tatizo la mwanawe, na akakumbushwa.

"Usisherehekee sana," wifi akanikata. "Hao 46 wako wapi?"

Jibu tulilipata kesho yake. Wifi ana binti wa darasa la nne anayenakili kila kitu kutoka kwenye daftari la jirani. Wenzake wanamwita mwizi. Mama yake anauza mboga sokoni. Siku ya kwenda hospitali ni siku bila mauzo, na juu yake kuna nauli ya watu wawili. Barua ya mwalimu ilikuwa imewekwa vizuri kabatini. Mama alimpenda mwanawe, ila hesabu haikukubali.

Ndiyo maana mwelekeo sasa ni kuisogeza huduma. Katika utafiti mwingine uliofanyika kaunti hiyohiyo na kuchapishwa mwaka 2021, wahudumu wa kujitolea walipima watu nyumbani kwa simu, na wenye shida wakaonwa kwanza kwenye kituo cha afya cha karibu.

Sisi tukaahirisha Elgon. Mama akaturuhusu, tukapanda matatu wanne, tukakaa foleni. Walipomvalisha fremu ya majaribio na kubadilisha vioo kimoja kimoja, binti akamgeukia wifi, akamkazia macho, akasema, "Mwalimu, kumbe una mwanya!" Miaka miwili anamfundisha. Mume wangu alitoka nje kidogo, eti anapiga simu.

Basi, wazazi vijana wenzangu, tunalipa ada, tunalipa tuisheni, mtoto akishika mkia tunagombana nani alimdekeza. Kabla ya ugomvi, mpelekeni akapimwe macho. Mtoto hawezi kusema haoni vizuri, kwa sababu hajawahi kuona vinginevyo. Na kama shule yake haijawahi kupima, liulizeni hilo kwenye kikao kijacho cha wazazi.

Kitale nendeni pia. Vaeni viatu vya matope, na msisahau darubini.