Ukuta wa Chumba cha Mama

 Leo twataka kuwaeleza habari ya ukuta mmoja tu, ukuta wa chumba anacholala mama yetu mzazi. Huenda mtu akasema, Ukuta ni jambo gani hata uandikiwe gazetini? Lakini katika nchi yetu hii ya juu, ambapo mvua huanza Novemba na kuacha Aprili, na kipupwe cha Juni na Julai huingia mpaka mifupani, ukuta mbovu ni ugonjwa uliokaa ndani ya nyumba. Nasi nusura tuwapoteze watu wawili kwa sababu yake.

Nyumba yetu aliijenga marehemu baba mwaka 1974, siku zile reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa. Matofali aliyafyatua mwenyewe pamoja na ndugu zake, kwa udongo wa bondeni, akayapanga tanuru, akayachoma kwa kuni. Saruji alipata mifuko miwili tu, nayo yote aliitia msingini. Kuta alizijenga kwa tope. Juu akaezeka nyasi, na upenu wa nyasi zile ulishuka chini sana, hata mtu mrefu hakuweza kuingia bila kuinama. Sisi watoto tuliuchukia upenu ule, maana ulivitia vyumba giza.

Mwaka 1998, tulipokuwa tumekwisha kupata kazi ya ualimu na fedha kidogo, tuliziondoa nyasi tukaezeka bati. Fundi akatuuliza, “Upenu mwautaka wa urefu gani?” Tukamjibu, “Mfupi kadiri iwezekanavyo, bati ni ghali.” Basi ukabaki upenu wa shubiri moja. Siku ile tulifurahi, maana nyumba iling’aa, na majirani walikuja kutupongeza.

Haikupita miaka mingi ukuta wa chumba cha mama, ulio upande unaopigwa na mvua ya upepo, ukaanza kulowa. Kwanza tuliona unga mweupe kama chumvi ukitokea chini, halafu kuvu nyeusi nyuma ya kitanda, halafu tope la kwenye viungo likawa linadondoka kidogo kidogo kama unga wa bungo. Mwaka 2015 tukaita fundi, akapiga lipu ya saruji ndani na nje. Mwaka wa kwanza ulipendeza. Mwaka wa tatu ukapasuka. Mwaka 2019 tukaita fundi mwingine. Huyo wa pili hatumlaumu, kwa kuwa sisi wenyewe ndio tuliosimama nyuma yake tukimwambia, “Ongeza saruji, usitubanie.” Naye akaongeza. Ukuta ukawa mgumu hata msumari haukuingia.

Usiku mmoja wa Machi 2024, mvua ikinyesha tangu magharibi, tulisikia kishindo. Tulipoingia na taa tulikuta kipande cha lipu, upana wake karibu sawa na mlango, kimebanduka kizima kizima na kuangukia miguuni pa kitanda. Mama alikuwa amelala pamoja na mjukuu wake wa miaka sita. Mtoto hakuguswa. Mama aliumia mguu, akawa anachechemea mpaka Juni. Na pale lipu ilipotoka tuliona matofali ya baba: yalikuwa yamelowa kama sifongo, na nyuso zake zimekatika zikatoka pamoja na saruji.

Siku ya pili ndugu wakakutana. Mdogo wetu akasema, nyumba ibomolewe, ijengwe upya kwa bloku. Shauri lake halikuwa baya, ila fedha hazikuwapo. Mama alikuwa amekaa mkekani, mguu umefungwa kitambaa, akatusikiliza wote hata tukanyamaza. Ndipo akasema, “Baba yenu alilala chumba hiki tangu alipokijenga mpaka alipofariki, na ukuta haukumwangukia. Ninyi ndio mlioufanyia jambo.” Hatukuwa na la kumjibu.

Basi tukamwandikia mtoto wa dada yetu, aliyeko Toronto, nchi ya Canada, ambaye kazi yake ni kutengeneza kuta za nyumba kuukuu za matofali. Akatujibu kwa kirefu, nasi twaona yafaa mpate kuyasikia maneno yake.

“Mjomba,” akaandika, “huku adui wetu ni maji yanayoganda. Maji yakigeuka kuwa barafu huongezeka ukubwa, karibu sehemu moja katika kumi na moja. Tofali lililolowa likipatwa na baridi kali usiku, maji yaliyomo hutanuka na kuubandua uso wake. Mchana theluji huyeyuka, tofali hulowa tena. Usiku huganda tena. Nyumba za zamani za huku zilijengwa kwa chokaa na mchanga. Waliokuja nyuma wakaona viungo vimekwisha, wakaviziba kwa saruji ngumu, wakidhani wanaiimarisha nyumba. Kumbe maji yaliyokuwa yakitoka kwa njia ya viungo yakakosa njia, yakakaa ndani ya matofali mpaka baridi ikayapasua. Kiungo lazima kiwe laini kuliko tofali. Kiungo kikiharibika nitakiziba kwa siku moja. Tofali likifa, limekufa. Na kazi hiyo yote twaimaliza kabla ya baridi, maana chokaa mbichi ikiganda huwa unga.”

Kwanza tulicheka. Theluji sisi twaijua ya Kilimanjaro, na jalidi twaisikia ya Kitulo, asubuhi za kipupwe majani yanapokuwa meupe. Tunduma ni baridi, nayo iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, lakini maji hayagandi ukutani. Hata hivyo tulipousoma waraka ule mara ya pili tuliacha kucheka. Kwetu kazi ya barafu hufanywa na chumvi. Maji hupanda kutoka ardhini na kuingia kutoka nje, yakibeba chumvi ya udongo. Yakikauka nyuma ya lipu isiyopumua, maji huondoka na chumvi hubaki, ikakua ndani ya vitundu vya tofali na kuyasukuma kama barafu isukumavyo huko Canada. Ule unga mweupe tuliokuwa tukiufagia kila wiki ndio mtu aliyekuwa akiibomoa nyumba, nasi tukimfagilia njia.

Tukamtafuta fundi mzee wa Ileje, aliyezoea nyumba za tope na chokaa. Alipofika hakufungua mfuko wake wa vyombo. Aliuweka ukutani upande wa kiganja chake, akanyamaza. Akachukua msumari, akakwaruza tofali moja moja: “Hili limeiva. Hili lilikaa pembeni mwa tanuru, halikuiva, litolewe.” Kisha akatoka nje, akainua macho, akautazama upenu wetu wa shubiri moja. “Mwalimu,” akasema, “nyumba hii mmeivua kofia, mkaivika koti la mpira. Sasa inalowa kwa nje na kutoka jasho kwa ndani.” Ndipo tulipoelewa yale maneno ya mama. Ukuta wa tope ulisimama tangu 1974 hadi 1998 kwa sababu ya zile nyasi tulizozichukia.

Fundi akakataa kuugusa ukuta kabla ya maji kuzuiwa. Tukanunua mbao na bati, upenu ukaongezwa ukafika karibu mita moja upande ule, na mfereji wa bati ukafungwa chini yake. Halafu tukachimba. Kwa miaka hamsini ya kufagia uwanja na kumwaga majivu, udongo wa nje ulikuwa umepanda ukapita mawe ya msingi na kugusa matofali yenyewe. Tuliushusha shubiri mbili, tukafanya mteremko na mfereji wa kupeleka maji bustanini. Kazi hiyo ya jembe ilitugharimu siku nne na vibarua wawili. Twaamini ilifaa kuliko mifuko yote ya saruji tuliyopata kuinunua.

Kisha saruji ikabanduliwa yote kwa patasi na nyundo ndogo, taratibu, na ukuta ukaachwa uchi tangu mwisho wa Mei mpaka katikati ya Agosti ili ukauke. Hapo ndipo uvumilivu wetu ulipojaribiwa. Mama alihamia sebuleni, naye hakupenda. Wageni walituuliza kama fedha zimetuishia. Zilikuwa zimetuishia kweli, lakini hiyo haikuwa sababu.

Katika Agosti fundi akayatoa matofali mabovu, moja leo, moja kesho, asitoe mawili yaliyopakana kwa wakati mmoja, akayatia mengine yaliyoiva. Viungo akavikwangua kwa kina cha vidole viwili, akavipiga brashi, akavinyunyizia maji ili tofali kavu lisinyonye unyevu wa udongo mpya. Kwa ndani ya kiungo alishindilia tope lililochekechwa na kutiwa chokaa. Kwa nje, chokaa sehemu moja na mchanga sehemu tatu. Ile safu ya chini tu, inayorukiwa na matone, alitumia saruji moja, chokaa mbili, mchanga tisa. Mchanga ulikuwa wa mtoni, uliooshwa. Akatundika magunia mabichi juu ya kazi yake siku kadhaa, maana upepo mkavu wa Agosti hukausha chokaa haraka mno, nayo ikapasuka. Baridi ya Canada na upepo wetu ni maadui wa namna mbili, lakini wote wawili huiua chokaa changa.

Wengine watauliza, kwa nini chokaa, hali saruji ni ya kisasa? Saruji ya namna hii ilipata hati yake mwaka 1824, kwa fundi mmoja wa Leeds, Uingereza, aitwaye Joseph Aspdin. Ni chombo chema, kwa nguzo na msingi hatuwezi kuiacha. Chokaa nayo ni jiwe lililochomwa, likazimwa kwa maji, kisha likivuta hewa hurudi kidogo kidogo kuwa jiwe. Ila jiwe hilo lina vitundu, unyevu hupita. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2000, ni mawe ya matumbawe na chokaa. Nasi hatuna haja ya kuitafuta mbali, kwa kuwa mawe yake yamo bonde la Songwe. Mkiitumia, watoto wakae mbali: ikiingia jichoni huunguza, na jicho lioshwe papo hapo kwa maji mengi safi, kisha mtu apelekwe hospitali.

Neno moja kwa walimu, maana shule nyingi za wilaya zetu zina nyufa. Si kila ufa ni wa kuzibwa. Pakeni kibandiko chembamba cha chokaa juu ya ufa, andikeni tarehe, mngoje masika moja na kiangazi kimoja. Kibandiko kikibaki kizima, ufa umelala, zibeni. Kikikatika, hasa ufa ukishuka kwa ngazi kutoka pembe ya dirisha, jambo liko msingini. Waondoeni watoto kwenye chumba hicho na kuita mtu ajuaye, wala msiufunike kwa lipu kama sisi tulivyofanya.

Mama alirudi chumbani kwake mwanzo wa Oktoba. Mvua ilipoanza alikuwa akiamka usiku kuupapasa ukuta, na asubuhi akatupa habari yake kana kwamba ni mgonjwa: leo mkavu, leo baridi kidogo. Kikohozi cha mjukuu kimepungua. Ila pembe moja, karibu na mlango wa jikoni, imetoa tena unga mweupe Januari hii. Fundi asema pale chini kuna tofali bichi alilolisahau. Mama asema hapana, ni kwa sababu tunamwaga maji ya vyombo mlangoni. Tumelihamisha karo, na Juni tutaifungua pembe ile tuone ni nani aliyesema kweli.