Hesabu ya Tajiri

Kwa madereva wa bodaboda wa Dar es Salaam, neno "hesabu" lina maana ambayo hatukufundishwa shuleni. Hesabu ni pesa unayompelekea tajiri, yaani mwenye pikipiki, kila siku ya kazi. Upate abiria, usipate, hesabu iko palepale. Ukiwa na mkataba, unaipeleka mpaka siku mlizokubaliana ziishe, kisha pikipiki inakuwa yako.

Mdogo wangu alipopata mkataba wa namna hiyo, aliniletea karatasi niisome kabla hajasaini. Pikipiki dukani ilikuwa shilingi 2,700,000. Mkataba ulitaka 10,000 kwa siku, kwa siku 420. Ukizidisha unapata 4,200,000. Ile 1,500,000 ya juu ni bei ya kutokuwa na 2,700,000 mkononi.

"Hiyo naijua, dada," akasema. "Wewe niambie kama nitakula."

Swali lake lilikuwa hesabu ya fumbo, kama zile za shule ya msingi za Juma aliyenunua madaftari na kalamu. Ila hakuna aliyewahi kulala njaa kwa sababu ya madaftari ya Juma.

Nikamwuliza mambo mawili, ambayo ndiyo kazi yenyewe ya kugeuza fumbo kuwa mlinganyo. Kipi kinaongezeka kadiri unavyofanya kazi? Na kipi hakibadiliki hata ukikaa kijiweni mchana kutwa? Kinachoongezeka ni idadi ya safari, tukaiita x. Kwa makadirio yake, safari moja huingiza 1,500. Toa 400 ya mafuta na akiba ya oili na matairi, inabaki 1,100. Kisichobadilika ni 10,000 ya tajiri na 3,000 ya chakula. Kinachobaki mfukoni jioni tukakiita B:

B = 1,100x − 13,000

Nikaweka sifuri mahali pa B. Gawa 13,000 kwa 1,100, unapata 11 na pointi nane hivi.

"Hakuna abiria wa pointi nane," akacheka.

Basi ni 12. Abiria 11 wa kwanza wote ni wa watu wengine. Wa 12 anamwachia shilingi 200.

Kicheko kikaisha. Akauliza kuhusu siku ya mvua, siku ya safari tisa. Nikaandika 9,900 toa 13,000. Hasi 3,100. Siku hiyo angefanya kazi na kurudi na deni.

Faida ya mlinganyo ni kwamba unakuonyesha pa kubonyeza. Nauli huwezi kuipandisha peke yako. Abiria atachukua pikipiki ya pembeni. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, nayo haikuulizi. Katika mstari wote ule, namba kubwa iliyowekwa na mtu anayeweza kufuatwa na kuzungumzwa naye ilikuwa moja tu, ile 10,000.

Akamfuata. Tajiri akakubali kupokea 8,000, mradi jumla ibaki 4,200,000. Siku zikawa 525.

Sasa kisichobadilika kikawa 11,000, na sifuri ikasogea hadi safari ya 10 kamili. Siku ya mvua ya safari tisa, pengo lingekuwa 1,100. Hapo tukatofautiana. Mimi ningechagua 10,000 nimalize mapema, nisiendeshe mali ya mtu siku 105 za ziada. Yeye alisema masika yanakuja, na anayeamka saa kumi alfajiri si mimi. Mlinganyo ulituwekea mezani kila kilichokuwa kinapimwa, safari mbili kwa siku dhidi ya siku 105. Kupima chenyewe kulimhusu aliyekaa juu ya pikipiki.

Akasaini wa 8,000. Wiki ya kwanza, saa nane mchana, nikapata ujumbe wake: "Ya kumi hiyo, dada. Sasa naanza yangu."