Nafasi 12, mistari 13

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, si kwa ugonjwa wala safari, ni kazi tu zilinizidi. Leo sitaandika habari za seva wala hifadhidata. Nataka kuandika juu ya rangi nyeupe, na jinsi nilivyoaibika mbele ya mjomba wangu kwa kosa ambalo kila mwandishi wa programu analijua.

Mjomba anakaa Munje, kule kusini ya Msambweni. Ana maduka manne ya kupangisha kando ya barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga: duka la vyakula, duka la dawa, kinyozi na la vifaa vya ujenzi. Mbele yake alimwaga zege zuri, upana wa mita 30. Lakini kila mtu aliegesha anavyotaka. Gari moja likisimama mshazari linakula nafasi ya mawili, na bodaboda wanajaza mlango wa duka la dawa. Wapangaji wakaanza kunung'unika, na mjomba akaamua kuchora mistari ya maegesho.

Akamwita fundi. Fundi akapima, akaandika kwenye karatasi: mistari 13, rangi makopo mawili ya lita 4. Mjomba akanipigia simu. "Mwanangu, wewe ni mtu wa kompyuta. Niangalizie kama hesabu hii ni ya haki."

Haya. Nikafungua lahajedwali. Nafasi moja ya gari nikaipa upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5, vipimo vinavyotumika sehemu nyingi. Mita 30 gawanya kwa 2.5 ni nafasi 12. Nafasi 12, basi mistari 12. Kila mstari mita 5, jumla mita 60. Unene wa mstari sentimita 10, kwa hiyo eneo la kupakwa ni mita za mraba 6. Mikono miwili ya rangi, mita za mraba 12. Rangi ya barabarani hupakwa nene kuliko ya ukutani. Kwenye kopo letu iliandikwa kwamba lita moja inatosha takriban mita za mraba 3. Kumi na mbili gawanya kwa tatu ni nne.

Lita 4 kamili! Kopo moja! Hesabu ilikaa vizuri mpaka nikajisikia fahari. Nikampigia mjomba: fundi amekuzidishia kopo zima, na mstari mmoja juu yake.

Mnaona tayari nilipoteleza?

Jumamosi nikashuka Munje mwenyewe. Baada ya shikamoo na chai, tukaenda madukani. Fundi alikuwepo, mtu mzima, kimya. Mjomba alikuwa ameshamwambia maneno yangu, na ilionekana yamemuuma. Hakubishana. Alinipa kipande cha chaki na kamba, akasema, "Chora wewe, kijana."

Nikachora. Mstari wa kwanza ukutani, wa pili, wa tatu... Nilipomaliza wa 12 nikasimama, nikageuka. Nafasi ya mwisho ilikuwa na mstari upande mmoja tu. Upande wa pili wazi.

Fundi akasema, "Wewe ulihesabu magari. Mimi nilihesabu mistari."

Wasomaji wangu, hili ndilo kosa la nguzo za ua. Ukijenga ua wenye vipande 12 unahitaji nguzo 13, kwa sababu kipande kina nguzo huku na huku. Nimelirekebisha kosa hili kwenye programu za watu sijui mara ngapi, kwenye vitanzi vinavyoanza na sifuri, kwenye hesabu za siku za mkopo. Nimewacheka wanafunzi kwa ajili yake. Halafu mimi mwenyewe nikalitumia kumwita mtu mwaminifu mwizi.

Na angalieni matokeo yake. Mistari 13 ni mita 65, mikono miwili ni mita za mraba 13, rangi lita 4.3. Kopo moja halitoshi. Kwa bajeti yangu mjomba angeishiwa rangi kwenye mstari wa mwisho, jioni, fundi ameshika brashi na duka la rangi liko Ukunda.

Nikamwomba fundi msamaha palepale, mbele ya mjomba, kwa sababu tuhuma nayo ilipita kwa mjomba. Akasema hakuna neno. Lakini nilijifunza: kabla hujamwambia mtu hesabu yake ni mbovu, nenda ukaichore chini.

Bado tulikuwa na la pili. Tukiwa palepale, likaja gari limemleta mzee mmoja wa Munje kuchukua dawa. Anatumia kiti cha magurudumu. Mlango wa gari ukafunguliwa, lakini gari la pembeni lilikuwa karibu mno, kiti hakikupita. Ikabidi gari lirudi nyuma na mzee ateremshwe kandokando ya barabara kuu, ambako magari ya Lunga Lunga yanapita kwa kasi. Mjomba aliangalia, hakusema kitu.

Mimi nikasema tuweke nafasi moja yenye ujia pembeni. Mjomba akakataa kwanza: "Nafasi ni mteja. Ukinipunguzia nafasi umenipunguzia wateja." Fundi ndiye aliyemjibu kwa upole kwamba yule mzee naye ni mteja, tena wa kila mwezi. Sheria pia iko upande huo. Kenya ilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2003, na mpya mwaka 2025, na zote zimedai majengo yanayotumiwa na umma yafikike.

Tukapanga upya. Nafasi 10 za kawaida ni mita 25. Nafasi moja ya mita 2.5 karibu na duka la dawa, na ujia wa mita 1.2 pembeni yake uliojazwa mistari ya mshazari. Jumla mita 28.7. Inabaki mita 1.3, ambayo gari haliingii lakini bodaboda mbili zinakaa, moja nyuma ya nyingine. Kwa hiyo mjomba alipoteza nafasi moja tu, na bodaboda wakapata pao badala ya kufukuzwa kila siku.

Sasa hesabu, safari hii kwa adabu. Vyumba ni 13: kumi, kimoja, ujia, na bodaboda. Mistari 14! Mita 70. Mistari ya mshazari mita 10. Jumla mita 80, yaani mita za mraba 8. Mikono miwili 16. Rangi lita 5.3. Ongeza alama ya kiti cha magurudumu na asilimia 10 ya kumwagika, unafika karibu lita 6 na nusu. Makopo mawili, kama fundi alivyoandika tangu mwanzo, na kidogo inabaki ya kurekebishia.

Kama nawe una plot ya biashara na unataka kupanga bajeti ya namna hii, haya ndiyo niliyookota:

1. Kwenye lahajedwali, usiandike mistari = nafasi. Andika mistari = nafasi + 1 kwa kila safu. Ukiwa na safu mbili zilizotengana, ongeza moja kila safu.

2. Pima kuanzia bikoni ya plot yako, si kuanzia ukingo wa lami. Ukanda wa kando ya barabara kuu ni hifadhi ya barabara, uko chini ya KeNHA. Rangi utakayomwaga pale si ya kwako.

3. Rangi ndiyo sehemu ndogo. Weka bajeti ya kufagia, kuosha mafuta na mchanga, kamba, tepu ya karatasi, siku ya fundi na msaidizi wake, na siku ambayo maduka hayatakuwa na maegesho. Uliza kama bei ina VAT ya asilimia 16 au bado.

4. Zege jipya lisubiri kama siku 28 kabla ya rangi. Na pwani yetu, paka wakati wa kaskazi, Januari au Februari, zege likiwa kavu. Ukingoja masika unapaka maji.

5. Usiihesabu kama gharama ya mara moja. Jua, chumvi na magurudumu vitaifuta baada ya mwaka mmoja au miwili. Tuseme, kwa mfano tu, kazi nzima ni shilingi 24,000 na inadumu miaka miwili. Hiyo ni 1,000 kwa mwezi, na kwa maduka manne ni 250 kila duka. Ikiwekwa kidogokidogo haimuumi mtu.

6. Kama bado hujamwaga zege na unafikiria kabro, basi panga matofali ya rangi tofauti mahali pa mistari. Unalipa mara moja, na hakuna kopo la kununua tena.

Kazi ilikwisha siku moja. Fundi alianza na ule ujia wa duka la dawa, hakuambiwa na mtu. Mwezi uliofuata yule mzee alikuja, mlango ukafunguka wote, akashuka juu ya zege. Mjomba alinipigia simu kunieleza hilo tu.

Halafu akaongeza, "Na mistari ni 14, nimeihesabu mwenyewe."

Haya wapendwa, tukutane wakati mwingine. Nikirudi nitaandika habari za seva, naahidi.